Tiketi ya Ng'ambo

Tangazo lililetwa kwenye bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha mlikuwa na pini nne, kana kwamba wakubwa waliona kituo hakina hata pini. Mama Dirisha alilisoma amesimama, akalisoma tena amekaa. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi haitasimama hapa. Sababu: uchache wa abiria. Usumbufu wowote unasikitikiwa. Chini yake, kwa wino mwekundu, karani wa tiketi aliagizwa alibandike mahali pa wazi, na karani wa tiketi alikuwa yeye peke yake, hakuwa na mwenzake wa kumsukumia.

"Uchache wa abiria!" alisema kwa sauti, chumba kitupu. "Hawa watu wana macho kweli?"

Maana asubuhi ile ile alikuwa ameuza tiketi mpaka mkono ukamfa ganzi. Foleni ilianza dirishani, ikapita benchi, ikauzunguka mzani wa mizigo ulioharibika zamani, ikaishia kwenye ngazi. "Ng'ambo moja, mama." "Ng'ambo mbili, mama, na shikamoo." Naye alibonyeza, akapokea, akarudisha chenji, akabonyeza. Leo anaambiwa watu hao hawapo.

Alilibandika. Kesho yake alfajiri watu wakalisoma, na kwa kuwa aliyeliandika hakuonekana, wakamgeukia aliyelibandika.

"Mama Dirisha, umetufanyia nini?" aliuliza fundi seremala, mtu wa maneno mengi, msumeno kwapani.

"Nimewafanyia nini mimi? Mimi nimepewa pini tu."

"Sasa tutakwenda kazini na nini? Na mbawa?"

"Muulize aliyeandika. Ng'ambo ngapi?"

"Moja," alisema seremala, na akaondoka akisonya, kama vile msonyo ule naye ameulipia.

Kituo chenyewe si cha jana. Kilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha matofali, enzi ambazo matofali yalipanda treni na watu walikwenda kwa miguu. Kiwanda kikafa, nyumba zikaota palipokuwa na mashimo ya udongo, na watu wakairithi reli ya matofali. Palikuwa na chumba cha kusubiria chenye viti vya kuegemea. Sasa kimefungwa, ndani mna ndoo za rangi za mafundi wasiokuja kupaka. Palikuwa na bomba la maji na ofisi ya vifurushi. Choo kipo hadi leo, ila ufunguo wake uko makao makuu, kwa hiyo mwenye haja na aende mjini. Palikuwa pia na kengele ya shaba na mtu wa kuipiga. Kengele iliondolewa siku walipofunga vipaza sauti, vipaza sauti vikaharibika mwaka huo huo, na mpiga kengele akabaki na jina tu: Mzee Kengele. Huyo ndiye mume wa Mama Dirisha.

Na huyo ndiye aliyemfanya Mama Dirisha akose hamu ya kula siku ile. Figo za Mzee Kengele zilikuwa zimegoma, mwaka wa pili sasa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda hospitali ya mjini kusafishwa damu kwa mashine, na zamu yake ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Ukichelewa, kitanda anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi na pale hakuna mjomba. Treni ya kumi na mbili na dakika kumi ilimfikisha na nafasi ya kupumua. Iliyofuata ilimfikisha kitanda kikiwa kimeshapata mtu. Basi la barabara kuu lilikwama kwenye foleni kila asubuhi ya Mungu, na gari la kukodi, mara tatu kwa wiki, lingemeza mshahara wote na bado likadai nyongeza. Kituo kinachofuata kilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika arobaini juu ya daraja, kwa mtu mwenye miguu. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba hata ndara hazimwingii.

Jioni, alipofungua mlango, mzee alimuuliza swali lake la kila siku. Tangu aache kazi hakuwahi kulisahau.

"Leo wamepanda wangapi?"

"Kama mia mbili, ya asubuhi peke yake."

"Mia mbili!" alisema mzee, akatikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba amewabeba yeye. "Siku za kengele tulikuwa hatuzidi themanini. Kituo kimekua hiki."

Mama Dirisha akamwambia habari ya tangazo. Binti yao, fundi cherehani aliyempeleka baba yake hospitali kila zamu, aliacha kushona katikati ya pindo.

"Kwa hiyo baba asiende hospitali?"

"Wamekosea hesabu," alisema mzee kwa utulivu. "Mama, nenda makao makuu. Waambie waje wahesabu. Mia mbili haifichiki."

*

Makao makuu, askari wa mlangoni alimsukumia daftari.

"Wageni wanaandika jina hapa."

"Mimi si mgeni, mwanangu. Nina miaka ishirini na sita katika shirika hili. Huioni sare?"

"Basi andika na hiyo miaka."

Aliandika. Akaambiwa Mkuu wa Ratiba yuko kikaoni. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba, akitazama watu waliovaa viatu vya kung'aa wakipita na vikombe vya chai. Hakuna aliyemuuliza kama ana kiu. Mkuu wa Ratiba alipotokea alikuwa kijana mwenye upole, ule upole wa mtu aliyekwisha amua.

"Mama, hatuna ugomvi na kituo chako. Sisi tunafuata hesabu." Akageuza karatasi ili aione. "Kituo chako, treni ya asubuhi, wastani wa mwaka mzima: abiria kumi na tisa. Kituo cha ng'ambo: mia nne na kumi. Wewe ungekuwa mimi, ungeisimamisha treni nzima kwa ajili ya watu kumi na tisa?"

"Kumi na tisa? Nani aliyehesabu kumi na tisa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mashine yako ya tiketi. Kila tiketi inaeleza abiria anapandia wapi, na kila usiku mashine inatuletea jumla. Hatuna haja ya kumtuma mtu aje kuhesabu vichwa."

Mama Dirisha alikitazama kidole chake cha kubonyezea.

Mambo yalikuwa hivi. Mpaka wa nauli ulipita katikati ya mto. Anayepandia kituo chake alilipa nauli ya kanda mbili. Anayepandia ng'ambo, hatua moja mbele, alilipa ya kanda moja, karibu nusu. Mashine ilikuwa na vitufe vya vituo vyote, kwa ajili ya mtu anayemnunulia mwenzake atakayepandia mbele. Na wakaguzi wa tiketi walianza kazi treni ikishatoka ng'ambo, kwa hiyo hakuna aliyekamatwa. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mjane mmoja, mfagiaji wa ofisi za mjini, akahesabu alichonacho, kikapelea. Mama Dirisha akamhurumia, akambonyezea ng'ambo. Kesho yake mjane akaja na jirani yake. Mwezi haukuisha mtaa mzima ukawa unapandia ng'ambo bila kuvuka mto. Wao walimwombea dua, naye alilala usingizi mzuri. Nauli aliiona. Kwamba anafuta watu, mmoja mmoja, kila asubuhi, hilo hakuliona. Wale kumi na tisa walikuwa wageni, wasiojua kuomba.

"Kuna jambo jingine, mama?" aliuliza Mkuu wa Ratiba.

"Hapana," alisema. "Asante." Akatoka, akapitiliza mlango, akarudishwa na askari aandike saa ya kutoka.

*

Aliwaeleza jioni ile ile, sahani zikiwa hazijatolewa mezani. Mzee Kengele alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hata ya kwangu?"

"Nini?"

"Tiketi yangu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Ulinikatia ng'ambo?"

"Na ya kwako. Na ya binti."

Mzee aliisukuma sahani. "Mimi! Mimi niliyefungua lango la kituo kile miaka thelathini, nimefutwa na mke wangu mwenyewe. Nimekaa benchi lile asubuhi ngapi, kumbe sipo!"

"Nilikuwa napunguza gharama, mzee. Nauli inatoka kwenye mshahara wa nani, si wangu?"

"Mchuma janga hula na wa kwao. Ndiyo hilo tunakula sasa."

"Basi nichinje!" alisema Mama Dirisha. Alikuwa na hasira na mzee, na hasira na mtaa mzima uliomsifu, na zaidi ya yote alikuwa na hasira na kidole chake mwenyewe. "Nilitenda wema. Ningejuaje kwamba wema unahesabiwa huko juu kwa mashine?"

Binti alikuwa akiwaza mbali zaidi yao. "Mama, kuna mtu mwingine anayejua?"

"Mtaa mzima."

"Makao makuu nauliza."

"Hapana."

"Basi kaa kimya. Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Ukisema watakufukuza, na kiinua mgongo kitakwenda na maji. Tutakula pindo za nguo?"

"Na baba yako?"

Kila mmoja alikuwa amekwisha piga hesabu hiyo kichwani, na haikutoka. Wiki moja mzee aliwahi kukosa zamu mbili, treni zilipogoma. Walimkuta anahema kama aliyepanda mlima, na alikuwa amekaa kitandani tu.

"Usiende kwa ajili yangu," alisema mzee baadaye, kwa sauti ya chini. Hasira ilikuwa imemtoka, imemwacha mzee zaidi. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Nisipokwenda kwa ajili yako, niende kwa ajili ya nani? Ya seremala?"

*

Mkuu wa Ratiba aliposikia, aliweka kalamu chini.

"Mama, ungenyamaza ningekuwa na tatizo moja. Sasa umeniletea mawili."

"Najua."

"Unaelewa kwamba nikiliandika hili sitaweza kukubakisha dirishani? Miaka kumi na moja ya nauli pungufu. Wenzangu watataka na polisi."

"Mjane hakuwa na nauli," alisema Mama Dirisha. Akaona jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo katika ofisi ile, akaacha. "Andika. Lakini uandike pia kwamba watu wapo. Njoo uhesabu."

Mkuu wa Ratiba aliichukua tena kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Dirisha; mtu mbaya ungemtukana moyoni ukapumua.

"Nitakupa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki ya mwisho ya mwezi. Tiketi za kituo chako zikifika wastani wa mia moja na hamsini, treni itasimama. Vichwa sihesabu. Nahesabu tiketi."

*

Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Mzee Kengele na binti walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi lao, wakisubiri treni ya hospitali.

"Ng'ambo moja," alisema seremala.

"Leo hakuna ng'ambo. Ni ya hapa." Akamtajia nauli.

"Hee! Imepanda lini?"

"Haijapanda. Ndiyo nauli yenu siku zote, nilikuwa nawafichia. Sikilizeni jamani!" Alitoa kichwa dirishani mpaka kitambaa kikamteleza. Akawaeleza kila kitu: mashine, kumi na tisa, siku tano. Akadhani watamuelewa. Miaka kumi na moja walikuwa wakimwita mama.

"Kwa hiyo kosa lako, tulipe sisi?" alisema mmoja kutoka nyuma.

"Bora nivuke daraja kuliko kuibiwa mchana kweupe."

"Mume wake ndiye mgonjwa," alisema mwanamke mmoja, si kwa sauti kubwa, lakini dirisha lile lilikuwa limezoea kusikia. "Sisi figo zetu nzima."

Mama Dirisha alirudisha kichwa ndani. Hao ndio aliowahurumia. Alitaka kushusha pazia la dirisha, awaache wabaki na nauli zao nafuu na reli yao tupu.

Hapo ndipo mlio ukasikika. Ngo! Ngo! Ngo! Mzee Kengele alikuwa ameinuka kwenye benchi, amejiegemeza kwenye mzani mbovu, na anaipiga sahani yake ya chuma kwa mkongojo. Mara tatu, kama zamani, ilikuwa na maana treni imeshatoka kituo cha nyuma. Wazee wawili kwenye foleni walinyooka bila kujijua.

"Mna dakika sita!" alisema mzee, akihema. "Wa hapa apange foleni hapa. Wa ng'ambo avuke daraja kwa miguu, tena aanze sasa hivi, maana mimi nimelipima na si fupi!"

Mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata. Muuguzi mmoja alipita mbele ya seremala, akaweka pesa dirishani. "Ya hapa, mama. Wodini kwetu tukichelewa kuna wanaofutiwa vitanda." Baada yake wakasogea, mmoja mmoja, wakinung'unika. Seremala alilipa wa mwisho. Aliitupa sarafu moja kwa nguvu, ikavuka meza ikaanguka sakafuni, na Mama Dirisha akapiga magoti kuitafuta, treni ikiwa inaingia.

Wengine hawakulipa, na kweli walivuka daraja. Lakini siku ya tano wastani ulikuwa mia moja sitini na mbili.

*

Barua mbili zilikuja katika bahasha moja. Ya kwanza ilisema treni ya asubuhi itaendelea kusimama, na ilikuwa na pini zake nne. Ya pili ilisema mwenye barua hii akabidhi funguo, sare mbili na mashine moja ifikapo siku ya mwisho ya mwezi, na kwamba haki zake za kustaafu zimezuiliwa mpaka uchunguzi utakapokamilika. Mama Dirisha aliibandika ya kwanza mahali pa wazi. Watu waliisoma wakashangilia, seremala akapiga mluzi. Ya pili aliikunja mara nne akaitia kifuani.

Tarehe mosi ilikuwa Jumatano, siku ya hospitali. Binti alibaki na cherehani, kwa kuwa sasa ndiyo iliyokuwa inawalisha, na Mama Dirisha akampeleka mzee mwenyewe. Nafasi sasa alikuwa nayo, kubwa. Alimkalisha kwenye benchi, akaenda kupanga foleni kwenye dirisha lake, upande ambao hakuwahi kusimama. Aligundua kwamba kizingiti kilikuwa juu mno kwa mtu mfupi, na miaka ishirini na sita hakuna aliyemwambia.

Ndani mlikuwa na msichana mwenye sare mpya yenye mikunjo ya dukani, anatabasamu, anajitahidi. Wa tatu mbele yake alikuwa seremala.

"Ng'ambo moja, binti."

"Lakini wewe si unapandia hapa?"

"Ndiyo desturi ya hapa. Treni si inaendelea kusimama? Siku zile zilikuwa za hesabu tu, zimekwisha." Akageuka, akamuona, akatabasamu bila chembe ya ubaya. "Muulize huyo, ndiye mwenye dirisha. Si ndivyo, Mama Dirisha?"

Foleni nzima ikamtazama. Maneno yalimjaa kinywani, mazito, ya kumvua mtu nguo, na akashindwa achague lipi litangulie. Msichana aliuchukulia ukimya ule kuwa ndiyo. Akabonyeza. Wa pili akasema ng'ambo, akabonyeza. Yule muuguzi, mbele ya Mama Dirisha, alisitasita, akatazama pochi yake, akasema ng'ambo kwa sauti ndogo bila kugeuka nyuma.

Zamu yake ikafika. Msichana aliinama karibu na tundu la kioo, akashusha sauti, macho yamemjaa huruma. Mama Dirisha aliijua huruma ile. Aliwahi kuwa nayo, na alikuwa mahali pale pale.

"Mama, naona una mgonjwa. Nawe nikukatie ya ng'ambo? Ni karibu nusu."

"Ya hapa," alisema Mama Dirisha.

"Lakini mama, wenzako wote..."

"Ya hapa, mwanangu. Mbili."

Alilipa, ikabaki chenji ya kununulia mkate tu. Alirudi kwenye benchi, na treni ikaja, ikafunga breki kwa kelele, ikasimama. Watu walijaa mpaka ukingoni, wanasukumana, wanaitana, wanawahi viti. Mzee Kengele aliinuka taratibu kwa mkongojo, akautazama umati ule toka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho wake, uso umemng'aa.

"Tazama watu!" alisema. "Leo wamepanda wangapi?"

Mama Dirisha aliangalia tiketi mkononi mwake.

"Wawili," alisema, akampa bega, wakapanda.